Gitaa Lililoliwa na Chumvi

Kisiwani kwetu chuma hakidumu. Baiskeli, bawaba za madirisha, antena, mabati, vyote vinaliwa na hewa ile ile tunayokwenda kuipunga jioni Forodhani. Gitaa la umeme lina chuma na mbao kwa pamoja, na mbao nazo hazitulii: masika hunywa unyevu zikavimba, upepo wa kaskazi ukija zikakauka. Ndiyo maana nimeingia nyumba nyingi hapa Unguja nikakuta gitaa limelala mvunguni au juu ya kabati, na mwenyewe keshalihesabu limekufa. Mimi naamini mengi ya hayo hayajafa. Naamini na jambo la pili, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika: vijana wengi walioacha gitaa wakisema hawana kipaji walishindwa na nyuzi zilizokaa juu mno. Muziki wenyewe hata hawakupata kukutana nao.

Gitaa ninalolizungumzia ni la ami yangu, mdogo wake baba. Alikuwa akipiga harusini, enzi za miaka ya 1990 na kuendelea, taarab ya kisasa ya kinanda, besi na gitaa la umeme ilipokuwa imeshika kasi. Kisha likaja lile giza ambalo kila Mzanzibari wa umri wangu analikumbuka: Disemba 2009 ilitokea hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na Unguja ikakaa bila umeme kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waliokuwa na jenereta walijikokota. Kikundi cha ami hakikuwa na uwezo huo. Wenzake wakatawanyika, na yeye akalifunga gitaa kwenye shuka, akalipandisha juu ya kabati, nyumbani kwake Kikwajuni.

Miaka ikapita. Mpwa wangu, binti wa dada yangu anayesoma sekondari, akashikwa na hamu ya gitaa, nikamkumbuka ami.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Umelifuata lile gitaa?"

"Ndiyo ami, kama utaniruhusu. Mtoto anataka kujifunza."

"Lichukue, lakini nakwambia mapema, shingo imekwenda. Nilimpa kijana mmoja wa mtaani, kesho yake akalirudisha. Vidole vimemchubuka."

Maneno hayo nilikuja kuyafikiria sana. Ami ni mpigaji hodari, lakini katika kikundi chao kazi ya kurekebisha vyombo ilikuwa ya mtu mwingine, na yule alipoondoka akaondoka na ujuzi wake. Shingo ilikuwa kweli imepinda. Lakini kupinda na kwenda si hali moja, na kati ya hizo mbili pana kijinati kidogo ambacho nitakifikia.

Lenyewe ni gitaa la umbo la Stratocaster, ule mtindo ambao Fender waliutoa mwaka 1954 na viwanda vingi vikaja kuuiga: pikapu tatu za kunasa sauti, voliumu moja, toni mbili, na daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, lenye springi kwa nyuma. Jina la kiwanda kwenye kichwa limefutika. Rangi yake nyeupe imegeuka manjano ya samli. Nyuzi zilikuwa za kahawia mwanzo hadi mwisho, skrubu za darajani zimeota kutu, freti, vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo, zina ukijani, na nilipolitikisa nikasikia kitu kinagongagonga ndani. Nililipiga picha kila upande kwa simu kabla ya kufungua chochote, hasa zile nyaya za ndani, kwa sababu baada ya siku mbili tatu hakuna anayekumbuka waya upi ulitoka wapi. Skrubu nilizipanga kwenye trei la mayai, kila shimo na kundi lake. Zinafanana kwa macho, lakini urefu wake haufanani, na ndefu ikiingia pasipo pake inaweza kutoboa mbao hadi upande wa pili.

Kwenye usafi kuna jambo moja ninalotamani kila mwenye gitaa pwani alijue. Watu wakiona kutu wanakimbilia mafuta. Mafuta ni mazuri, lakini chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifunika, na chini kule inaendelea kula. Chumvi huondolewa kwa maji. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitambaa cha pamba kilichochovywa maji safi kikakamuliwa hadi kibaki na ubichi tu, nikafuta mwili wote, nyuma ya shingo, kichwa, kila kona, nikibadilisha kitambaa kila kilipochafuka, na kukausha papo hapo kwa kingine. Uchafu wa mikono uliogandamana nyuma ya shingo ulitoka kwa tone la sabuni ya maji. Tina ya kuchanganyia rangi sikuigusa, wala simshauri mtu aiguse: kuna rangi za gitaa zinazostahimili na kuna zinazoyeyuka, na utajua ni ipi wakati kitambaa kimeshang'oa rangi. Ule umanjano niliuacha. Ni umri wa gitaa, hauna madhara.

Jirani mmoja alinipa kichupa cha mafuta ya karafuu kwa nia njema kabisa. Yananukia vizuri na ni fahari yetu, lakini yanaweza kulainisha baadhi ya plastiki, na gitaa hili lina bamba zima la plastiki kifuani. Kwa ubao wa freti ulio mweusi na mkavu nilitumia matone machache ya mafuta ya watoto, yale mepesi ya dukani, nikayaacha yanywe kisha nikafuta yaliyobaki. Mafuta ya nazi pia niliyaweka kando, maana baada ya muda huacha utando wa kunata.

Freti zenyewe hazioti kutu nyekundu, kwa kuwa ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Zinachofanya ni kushika ukijani na kukwaruza, ukivuta uzi unasikia kama unapita juu ya mchanga. Nilifunika mbao kwa utepe wa karatasi, ule wanaotumia wapaka rangi za magari, nikaacha freti peke yake wazi, nikazisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba. Stilwaya ya jikoni sikuitaka karibu, kwa sababu chembe zake za chuma huruka na kunata kwenye sumaku za pikapu, na kuzitoa humo ni adhabu. Freti moja moja, polepole, hadi ukucha ukapita bila kukwama.

Vile vipande sita vidogo vya chuma vinavyobeba nyuzi darajani, ambavyo nitaviita vibebeo, vilikuwa vimegandana na skrubu zake. Hapo sikulazimisha. Nilitia mafuta ya kupenyeza, nikaviacha hadi kesho yake, na vilivyogoma nilivipasha moto kidogo kwa ncha ya pasi ya kulehemu. Chuma kikipata joto kinatanuka, kutu inaachia, skrubu inazunguka. Kisha vyote vikalala usiku mmoja kwenye bakuli la siki nyeupe. Asubuhi kutu ilitoka kwa mswaki. Siki ni tindikali na ikibaki itaanza kula chuma upya, kwa hiyo niliviosha kwa maji yenye bikaboneti ya soda, nikavianika juani, nikavipaka mafuta ya cherehani. Bado vina madoa meusi, ila kila kimoja sasa kinapanda na kushuka kwa kidole.

Nilipofungua bamba la plastiki nikakuta kilichokuwa kikigonga: nati ya tundu la kuchomekea waya, imelegea na kuanguka, pamoja na maganda ya mayai ya mende. Nikasafisha kwa brashi kavu. Voliumu na toni zilikuwa zinakwaruza, na hilo dawa yake ni dawa ya kusafishia swichi za umeme, ile ya kupuliza waliyonayo mafundi redio. Unapuliza kidogo ndani ya kitundu, unazungusha kitufe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, unapuliza tena. Swichi ya kuchagua pikapu nayo hivyo hivyo. Ulimi wa ndani ya lile tundu la kuchomekea waya niliukunja kidogo ubane plagi.

Lakini pikapu ya kati ilikuwa kimya. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, huzaliwa umeme mdogo, na umeme huo ndio sauti. Waya wenyewe, katika pikapu za aina hii, una unene wa kiasi cha milimita 0.06, kwa hiyo ukikatika mahali popote sauti imekwisha. Nilipima kwa mita. Pikapu ya shingoni ikasoma karibu kilo-omu 6, ya darajani zaidi kidogo, ya kati haikusoma kitu. Mtu angesema ni ya kutupa, na kuagiza nyingine si mchezo.

Nikaitoa, nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha, nikaiangalia kwa kioo cha kukuzia. Chini ya pikapu kuna vijitundu viwili vya shaba ambapo waya ule mwembamba unakutana na nyaya nene zinazokwenda kwenye swichi. Kimoja kiling'aa. Cha pili kilikuwa na uvimbe wa kijani, na katikati ya ukijani ule waya mwembamba ulikuwa umeliwa, umebaki ncha inayoning'inia pembeni. Mizunguko yote ilikuwa salama. Kilichokatika ni kipande kisichozidi unene wa msumari, pale pale palipokusanya chumvi.

Nilikwenda kwa fundi redio ninayemwamini, Mwanakwerekwe, kwa kuwa mkono wake ni mtulivu kuliko wangu. Alisafisha kitundu kwa spiriti na mswaki, akapitisha ncha ya sindano kwa upole kuulegeza waya nusu mzunguko, akaukwangua ule utando wa juu unaouzuia kupitisha umeme, akauzungusha kwenye kitundu na kuweka tone dogo la risasi ya kulehemu. Pumzi yake niliisikia imesimama. Akaweka mita. Namba ikatokea, karibu na 6, sawa na mwenzake. Akaniambia tu, "Haya bwana, kazi imo." Nilitamani ami angekuwepo.

Sasa nakuja kwenye shingo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ya vidole vya yule kijana kuchubuka.

Seti ya nyuzi za kawaida, zile zinazoanza na 10, yaani uzi mwembamba wa inchi 0.010, zikikazwa kwenye sauti yake huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 45. Mchana na usiku. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayovuta kinyume, na mwisho wake, kwa gitaa hili pale kichwani, kuna kile kijinati nilichokitaja mwanzo, cha kuikaza na kuilegeza. Ami alilipandisha kabatini nyuzi zikiwa zimekazwa. Mbao zikanywa unyevu, nyuzi zikaendelea kuvuta, na shingo ikainama mbele kama upinde. Nyuzi zikabaki hewani katikati ya shingo. Anayebonyeza hapo anapambana na umbali mara mbili ya unaohitajika.

Kupima ni rahisi. Unabonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kabla ya mwili kwa mwingine. Uzi ule umekuwa rula iliyonyooka. Angalia katikati, kwenye freti ya saba au ya nane: uwazi kati ya uzi na freti uwe mdogo sana, kiasi cha milimita 0.2 hadi 0.3. Si sifuri, kwa kuwa uzi unapotikisika unahitaji nafasi. Mimi nilimwazima fundi pikipiki vile vibamba vyake vya kupimia valvu, vimeandikwa unene hadi sehemu ya mia ya milimita. Kwenye gitaa la ami uwazi ulizidi milimita moja.

Nati ilikuwa na kutu. Nikaitia tone la mafuta, nikasubiri. Nikailegeza kwanza kidogo ili nihisi kama inazunguka kwa uhuru, ndipo nikaanza kukaza, kuelekea kulia, robo mzunguko, basi. Nikalegeza nyuzi kabla ya kila robo, nikazikaza baada yake, nikaliacha gitaa lilale, kesho nikapima. Mbao hazitii papo hapo. Nimeona shingo iliyovunjwa fimbo na mtu aliyetaka yaishe jioni ile ile, na hiyo ndiyo shingo iliyokwenda kweli. Ukihisi nati imegoma, iache hapo ilipo upeleke kwa fundi. Ya ami iliitikia robo kwa robo, hadi kibamba cha 0.25 kikapita kwa shida kidogo. Nikampigia simu. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Hata bila ya kukata kitu?" Nikamwambia hata bila ya kukata kitu.

Ukishanyoosha shingo ndipo urefu mwingine wote unapopata maana. Anayeanza na darajani anashusha nyuzi kwa shingo iliyopinda, nyuzi zinagonga freti za juu huku za katikati zikibaki mbali, na anahitimisha kwamba gitaa ni bovu. Mpangilio huu, shingo kabla ya daraja, ni jambo ambalo ningelibandika ukutani kwa kila anayefundisha gitaa hapa mjini.

Kisha kizingiti, yaani kile kipande cheupe chenye mifereji sita kati ya kichwa na shingo. Wengi hawakiangalii kabisa, na ndicho kinachowatoa machozi wanaoanza, maana wanaoanza hupiga freti tatu za mwanzo. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, tazama freti ya kwanza: uwazi uwe wa kuonekana kwa tabu, wembamba wa unywele. Kwetu hapa uwazi ulikuwa mkubwa kwenye nyuzi nne. Mifereji ikiwa juu, kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja kwenye freti ya kwanza, ile sauti iitwayo F inayowashinda watu, kunataka nguvu ambayo mtoto hana. Na hata akiweza, uzi unavutika kwa kubonyezwa mbali na sauti inapanda. Mpwa wangu alikuwa amejifunza mwanzo kwa gitaa la rafiki yake, na akaambiwa sikio lake halishiki sauti. Nililipima lile gitaa baadaye. Sikio lake lilikuwa sawasawa. Kizingiti ndicho kilichokuwa juu.

Tupa za kazi hii ni nyembamba mno na hapa hazipatikani kirahisi, lakini masonara wanazo. Mmoja wa Mji Mkongwe aliniazima mbili, akanishikisha namna ya kuzitelezesha. Unakata kidogo, ukiinamisha tupa kuelekea kichwani, unarudisha uzi, unatazama, unakata tena. Ukizidisha, uzi utagonga freti ya kwanza na kizingiti kitakuwa cha kubadilishwa, kwa hiyo hapa haraka haina nafasi kabisa. Mwishoni nilichora mifereji kwa penseli laini. Unga wa penseli unaufanya uzi uteleze bila kukwama, na gitaa linashika sauti muda mrefu zaidi.

Urefu darajani niliupima kwenye freti ya 12 kwa mashina ya ncha za keekee: ya milimita 2 chini ya uzi mnene, ya milimita 1.5 chini ya uzi mwembamba, iguse bila kuusukuma. Daraja lenyewe nililikalisha juu ya mwili kwa kukaza zile skrubu mbili za nyuma zinazovuta springi. Wapo wanaopenda lielee ili waweze kutikisa sauti kwa mkono, na wana haki. Kwa mwanafunzi naona likae. Likielea na uzi mmoja ukikatika, nyingine zote tano zinapotea sauti, na mtoto wa watu ataacha kwa kero.

Kisha kulinganisha sauti ya chini na ya juu ya shingo. Freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi; kwa gitaa la kipimo hiki, milimita 324 kati ya 648. Unapiga uzi kwa kuugusa tu juu ya freti ya 12 utoe ile sauti ya kengele, kisha unaubonyeza pale pale na kuupiga. Programu ya simu inakuonyesha. Ukibonyeza sauti ikawa juu, rudisha kibebeo nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Nyuzi ziwe mpya, maana za zamani hazisemi kweli. Mpiga udi hana freti, anaitafuta sauti kwa kidole na kujirekebisha hapo hapo. Mpiga gitaa amefungwa na freti zake, na akikaa karibu na akodiani au kinanda kisichoyumba, tofauti ndogo tu inasikika ukumbi mzima. Kwa taarab, hatua hii si ya kurukwa. Pikapu nazo nilizishusha kidogo, zikawa kiasi cha milimita 3 chini ya uzi mnene ukibonyezwa freti ya mwisho, kwa sababu sumaku iliyokaribia sana huuvuta uzi na kuharibu sauti hiyo hiyo uliyoihangaikia.

Kabla ya kumpa mtoto nilikagua kitu kimoja ambacho sioni kikizungumzwa, nacho ni uhai wa mtu. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungwa kwa waya mdogo kutoka darajani hadi kwenye ardhi ya amplifaya. Hiyo ndiyo inayotuliza ule mvumo ukizigusa. Lakini amplifaya ikiwa na kasoro, au imechomekwa kwenye soketi isiyo na waya wa ardhini, umeme wa volti 230 una njia ya kufika vidoleni. Nyumba nyingi zetu za zamani zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la juu halijaungwa popote. Nilimleta fundi umeme akapima soketi za nyumbani kwa dada, moja tu ilikuwa na ardhi ya kweli, na hiyo ndiyo tuliyoiwekea alama. Mtoto hapigi miguu mitupu kwenye sakafu mbichi, na mkono ukiwasha hata kidogo, anazima kwanza ndipo anaita mtu.

Gitaa sasa linakaa kwenye begi lake pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Ukutani hatukulitundika. Nyumba ya dada ni ya mawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hutoa jasho masika yote. Akimaliza kupiga anapangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kila uzi chini na juu, hilo nimemshikilia kwelikweli. Nyuzi hapa zikifutwa hukaa miezi. Zisipofutwa, wiki chache tu utaona wekundu.

Ami alikuja Ijumaa moja baada ya swala. Alilipakata, akapiga kidogo bila ya amplifaya, akaenda freti ya kwanza, akabana F, akaachia, akabana tena. Akamgeukia mpwa wangu akamwambia, "Haya mama, njoo nikuonyeshe vidole vinavyokaa." Wakakaa hadi magharibi.

Zimebaki kazi mbili. Freti tatu za mwanzo zimechimbika chini ya nyuzi nyembamba, zinahitaji kusawazishwa, na tupa yake nimemwagiza mtu anayekwenda Dar es Salaam. Na lile gitaa la rafiki yake mpwa wangu, lenye kizingiti kilichokaa juu, limeshafika nyumbani. Nimeshalipima shingo, imenyooka. Nitaanza na mifereji.